Nani Alikunywa Kwanza?

Basi lilisimama Mtito Andei saa nane usiku. Kama umewahi kusafiri usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa unajua vile huwa: taa zinawashwa ghafla, konda anapaza sauti, "Dakika ishirini! Ishirini pekee!", watu wanashuka wakiwa bado na usingizi, na wachuuzi wamekwisha lizunguka basi. Korosho. Mayai ya kuchemsha. Maji baridi, maji baridi. Chupa niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imeisha tukiwa Emali. Sikushuka, niliogopa kuachwa, kwa hivyo nikanunua nusu lita kupitia dirishani, noti ya mia, na chenji nikarushiwa basi likianza kung'oa nanga. Nilipofungua kifuniko hakikutoa ule mlio wa "krak". Kilizunguka tu, laini, kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele.

Nilijua. Nikanywa hata hivyo.

Nilikuwa naenda harusi ya binamu yangu. Harusi hiyo nimeiona kwenye picha. Siku zote tatu nilikuwa kwa nyanya yangu Changamwe, nikitembea njia moja tu, kutoka kwenye mkeka hadi chooni na kurudi. Kwenye kliniki ya mtaa daktari hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza, "Maji ulikunywa wapi?" Nyanya naye hakungoja jibu la daktari. Alichemsha maji, akapima lita moja, akatia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akanisimamia nikinywa kama mtoto wa chekechea.

"Babu yako alifanya kazi reli miaka mingi," akasema, "na sikumwona hata siku moja akitoka hapa bila chupa yake ya sturungi. Si maji. Sturungi. Alikuwa akisema njia hii ni ya kiu tangu zamani, na mwenye kiu hudanganyika upesi."

Nilikuwa na muda na nilikuwa na simu. Nikaanza kusoma kuhusu njia hii na maji yake, na hadi leo sijamaliza.

Nianze na mzungu mmoja aliyetia maji kwenye bunduki. Johann Ludwig Krapf tunamjua kwa mambo mengine. Ndiye mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Lakini mwaka 1851 Krapf alikuwa porini Ukambani pamoja na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika hadi pwani. Walikuwa wakielekea mto Tana walipovamiwa. Kivoi akauawa. Watu wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake, bila mwenyeji, bila chakula, na bila kibuyu.

Alifika mtoni akanywa hadi akatosheka. Halafu akakumbuka kwamba mbele yake kuna siku kadhaa za nyika kavu na hana cha kubebea maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake. Akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Ukifikiria vizuri, mtu huyo alikuwa ameamua kwamba kati ya adui na kiu, kiu ndiyo itamuua kwanza. Miiba ya porini ilimharibia mpango. Maji mengine yalimwagika, na yaliyobaki kwenye mtutu yalikuwa na ladha ya baruti. Aliyanywa. Baadaye, alipokuwa karibu kukata tamaa, alisikia kelele za nyani. Akafuata sauti hadi kwenye mto uliokauka, na hapo akakuta shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba mchangani. Ndani mlikuwa na maji.

Huwa narudia sehemu hiyo kwa sababu ya shimo. Wakamba walikuwa wanalijua jambo hilo tangu hapo: mto ukikauka juu haujakauka chini, na maji yanayopita kwenye mchanga hutoka yakiwa safi kuliko ya bwawa lililo wazi. Hata leo, ukipita Makueni au Kitui wakati wa kiangazi, utaona akina mama wamepiga magoti kwenye mto usio na maji wakichota kwa kikombe. Kuna na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa ukuta unaokatisha mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta na maji yakajificha ndani yake, mbali na jua na mbu. Miji mikubwa ya dunia ilisafisha maji yake kwa kuyapitisha polepole kwenye mchanga, na wahandisi wakapata sifa. Nyani wa Yatta hawakuandikiwa hata bango.

Krapf alikuwa mmoja, na alikuwa amepotea. Wenye njia walikuwa wapagazi. Kabla ya reli, kila kitu kilichoingia bara kutoka Mombasa, yaani vitambaa, shanga na nyaya, kilipanda juu ya kichwa au bega la mtu, kama kilo 30 kwa kila mmoja, na kibuyu chake cha maji akijibebea juu ya mzigo huo. Ukishaiacha Rabai na minazi yake unaingia nyika ya Taru. Nyika hii ndiyo iliyowazuia wengi. Si milima, si simba, si Wamaasai ambao kila kitabu cha Kizungu cha wakati ule kinawataja kwa hofu. Ni kwamba kwa siku kadhaa hakuna mto.

Kulikuwa na ngurunga. Ngurunga ni mashimo ya asili kwenye mwamba ambayo mvua huyajaza, na maji hukaa humo mpaka jua liyamalize. Ukiwa na bahati unayakuta yamejaa. Ukichelewa unakuta tope la kijani ambalo wanyama wote wa nyika wamelinywa na kulikojolea kabla yako. Na bado utalinywa, kwa sababu maji mengine yako mbali sana mbele. Msafara uliokutangulia kwa siku mbili unaweza kuwa umekwisha kuamulia hatima yako bila nyinyi wawili kuonana.

Kwa ajili ya nyika kama hizi, wapagazi walikuwa na mwendo wao, na mwendo huo ulikuwa na jina: terekeza. Hivi ndivyo ulivyofanywa. Asubuhi mnapumzika penye maji ya mwisho, mnapika, mnakunywa, mnajaza vibuyu. Saa sita au saa nane mchana mnaondoka, mnatembea hadi usiku, mnalala popote bila maji, na alfajiri mnaamka na kutembea tena ili myafikie maji mengine kabla jua halijapanda. Safari moja ya kiu imekatwa vipande viwili, usiku ukiwekwa katikati kama kivuli. Hakuna aliyesomea jambo hili popote. Neno hilo linapatikana katika vitabu vya wazungu wengi waliopita huku, kila mmoja akiliandika kwa namna yake, maana walilisikia kila siku wakiwa nyuma ya watu waliojua njia. Mimi kila nikilisoma nasikia neno letu la leo, telekeza. Sidai kwamba ni neno moja. Nasema tu kwamba mpagazi aliyeishiwa nguvu katikati ya terekeza alikuwa akiachwa pale pale.

Joseph Thomson, kijana wa Uskoti ambaye yale maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake, alipita Taru mwaka 1883 akienda nchi ya Wamaasai. Alirudi mwaka 1884 akiwa amebebwa. Nyati alikuwa amempiga pembe, lakini pembe zilipona. Kilichokaribia kummaliza ni kuhara damu. Alilala wiki nyingi akiwa hajiwezi, kwenye baridi ya nyanda za juu karibu na Naivasha, akingoja ama kufa ama kupona. Thomson tunayajua maumivu yake kwa sababu aliyaandika. Wapagazi wake walikunywa kwenye mashimo yale yale, na tumbo la mpagazi halina kitabu.

Magonjwa nayo yalikuwa yanajua kusafiri. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja, na daktari aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, James Christie, akaketi chini na kufuatilia kimetoka wapi. Watu walitarajia kwamba kimeletwa na meli. Christie aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri, akaonyesha kwamba safari hii kilikuja kwa miguu: kilishuka kutoka kaskazini, kikapita nchi ya Wamaasai pamoja na misafara hadi Pangani, ndipo kikavuka bahari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876, miaka kadhaa kabla Robert Koch hajathibitisha ni mdudu gani hasa anayeleta ugonjwa huo. Yaani ramani ya njia za biashara na ramani ya kipindupindu zilikuwa ramani moja, na aliyeziunganisha alifanya hivyo kwa kuuliza watu maswali.

Halafu ikaja reli.

Tumefundishwa shuleni kwamba reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tumefundishwa kuhusu simba wa Tsavo. Hollywood wakawatengenezea simba hao sinema mwaka 1996, na ni sinema nzuri, nimeitazama mara mbili. Lakini hesabu kubwa kabisa ya watu walioliwa na simba wale, ile ambayo Patterson mwenyewe aliitoa baadaye na ambayo wanasayansi wengi hawaikubali, ni watu 135. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kujenga reli walikuwa karibu 32,000, na waliokufa karibu 2,500. Toa wa simba. Waliobaki, wengi wao waliuawa na magonjwa: malaria, na matumbo yale yale ya Thomson. Na hiyo ni hesabu ya Wahindi pekee. Waafrika waliofyeka na kubeba hawakuhesabiwa kwa makini hivyo. Hakuna mtu ametengeneza sinema ya kuhara damu.

Kwenye nyika ya Taru wajenzi walikuwa na shida ambayo misafara haikuwa nayo. Mpagazi hunywa kibuyu kimoja. Injini ya mvuke hunywa kama kundi la tembo, na isiponywa haiendi. Maji yakawa yanaletwa kwa treni, matangi juu ya mabehewa, kutoka nyuma kule yanakopatikana hadi mwisho wa reli ambako watu walikuwa wakitandika vyuma. Fikiria hapo kidogo. Treni inayoleta maji nayo inahitaji maji ya kuileta. Maji ya jikoni, ya kunywa, ya punda na ya injini yanatoka kwenye treni moja, na treni ikichelewa lazima mtu aamue nani anakunywa kwanza. Sidhani mfanyakazi wa kutoka Punjab, aliyelipwa ujira mdogo kwa mwezi na kulala kwenye hema, ndiye aliyekuwa akiamua.

Sasa ukisafiri tena, tazama majina ya vituo. Ukitoka Mariakani unapita Maji ya Chumvi, na hakuna haja ya kueleza kwa nini waliotangulia waliwaonya wenzao kwa jina hilo. Makindu ni mahali pa mikindu, na mkindu haumei pasipo na maji. Na mwisho wa safari kuna Enkare Nairobi, maji baridi, kama Wamaasai walivyopaita. Wahandisi walisimama hapo mwaka 1899 kwa sababu palikuwa tambarare kabla ya kupanda, na kwa sababu palikuwa na mto. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1902, tauni ilizuka kwenye mji ule wa mabati na matope, na soko lake likachomwa moto. Leo Nairobi inakunywa kutoka Sasumua na Ndakaini, milimani kule Aberdare, na wewe mwenyewe unaujua mto Nairobi ulivyo pale unapopita chini ya Globe. Mji ulipewa jina la maji yake halafu ukayaharibu.

Vita vya kwanza vya dunia nitavipita haraka, ingawa vinastahili makala yake. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kumsukuma Mjerumani kutoka Taveta, walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na wakalaza bomba la maji kutoka vilima vya Bura hadi kambi ya Maktau. Jeshi lisingeweza kukaa pale bila maji. Bomba lilijengwa upesi, kwa miezi. Wakati huo huo wapagazi wa Kariakoo, wale waliotuachia jina la soko na mtaa, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, na muuaji wao mkubwa hakuwa risasi. Ni tumbo. Kwa hiyo maji safi katikati ya nyika hayakuwa jambo lisilowezekana. Yaliwezekana yalipokuwa na mwenyewe.

Na Mombasa, huko tunakokwenda? Ibn Battuta alilala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, na kati ya mambo machache aliyoona yanafaa kuandikwa ni visima. Alieleza kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, na watu walichota kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba, wakanawa miguu ndipo waingie. Mgeni kutoka Tanja alisimama pale akavutiwa na kata! Mimi nimekulia Nairobi na sikuwahi kufikiri kata ni jambo la historia. Nyanya anayo moja ya kifuu, imening'inia karibu na mtungi, na hakuna anayeruhusiwa kutumbukiza kikombe chake humo. Unachota kwa kata, unamimina kwenye kikombe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukali tu.

Visima vya pwani vilikuwa na kikomo. Kisiwa kimezungukwa na bahari, na ukichota sana bahari inaingia. Maji yanageuka chumvi. Ndiyo maana watu wa pwani hawasemi maji safi na maji machafu kama sisi. Wanasema maji matamu na maji ya chumvi. Mombasa ilipokua, bandari, meli, mahoteli, visima havikutosha, na serikali ya kikoloni ikageuza macho nyuma, kwenye ile nyika ya kiu yenyewe.

Hapa ndipo nilipokaa usiku mzima, simu ikiwa na asilimia tisa ya chaji. Kumbe katikati ya nyika ambayo wapagazi waliivuka kwa terekeza kuna maji mengi ajabu. Vilima vya Chyulu, unaviona upande wa kulia ukielekea Mombasa, karibu havina mto hata mmoja. Ni vilima vya volkano, mawe yake yana matundu kama sponji, na mvua yote inayonyesha juu yake inazama. Inapita ndani ya mwamba, ikichujwa, halafu inatokea chini kama chemchemi. Kubwa kuliko zote ni Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mamilioni ya lita kila siku, maji meupe kiasi kwamba wamejenga chumba cha vioo chini ya maji ili wageni waketi wakitazama samaki, na wakiwa na bahati, kiboko akitembea chini kama anacheza ngoma ya polepole.

Mwaka 1957 bomba la kutoka Mzima lilifika Mombasa. Yapata kilomita 220. Halisukumwi na mashine. Maji yanashuka yenyewe kutoka nyika hadi bahari, mchana na usiku, karibu na barabara ile ile na reli ile ile. Sijui kwa nini hatukufundishwa jambo hili pamoja na simba.

Lakini usifurahi sana. Chemchemi iko Taita Taveta, na kwa miaka mingi watu wa Taita Taveta wamekuwa wakilalamika kwamba maji yanapita mlangoni kwao yakienda kwa wengine, huku wao wakichota mbali, na kwamba hata mgao wa mapato hawaupati. Watu wa Mombasa nao watakuambia mifereji yao hukaa siku nyingi bila tone. Bomba la pili limeahidiwa, likaahidiwa tena. Changamwe kwa nyanya maji huja kwa mkokoteni, mitungi ya lita ishirini imepangwa kama wanafunzi kwenye paredi, na bei hupanda siku ambayo mfereji umekauka. Mwenye mkokoteni ndiye mpagazi wa leo. Mzigo umebadilika tu. Sasa anachobeba ni maji yenyewe.

Vitabu vya watalii vinaposema "usinywe maji ya mfereji" ukienda nchi kama yetu, huwa nacheka kidogo kwa uchungu. Si kwamba ushauri ni mbaya. Ni mzuri, na laiti ningeufuata. Lakini umeandikwa kana kwamba hatari ni ya mgeni peke yake, kana kwamba sisi tuna matumbo ya chuma. Mtalii anapewa chupa kwenye gari. Dereva wake ana ya kwake ya sturungi, kama babu. Na ushauri wenyewe una mapengo. Ukifika Nakuru au Naivasha watakuambia chemsha tu, lakini maji ya Bonde la Ufa mengi yana floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana inazidi, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Wenyeji wanaijua habari hiyo kwenye vinywa vyao.

Kitu kingine. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia kwenye mbuga zetu za wanyama na plastiki za kutumiwa mara moja. Nakubaliana na sheria hiyo kabisa. Nimeona chupa zilizotapakaa kando ya barabara pale Tsavo. Ila fikiria: kule ambako maji matamu yanatokea ardhini, chupa ya plastiki haingii. Nje ya uzio, kilomita chache tu, kijana anaokota chupa ile ile iliyotupwa, anaijaza tena, na kuniuzia mimi saa nane usiku. Simchukii. Ana soko lake kwa sababu hakuna mfereji pale steji ambao mimi ningeuamini, na yeye ndiye aliyeamka.

Sturungi ya babu nimeielewa sasa. Chai haiwezekani bila kuchemka. Wakati hujui maji yametoka wapi, kikombe cha moto ndicho ushahidi wa pekee unaouona kwa macho, kwa sababu mvuke hauigizwi kwa kifuniko. Nadhani ndiyo maana kila steji ya basi Kenya ina chai kabla ya kuwa na kitu kingine chochote.

Kurudi Nairobi sikupanda basi. Binamu mwingine alikuwa na gari, tukaondoka asubuhi, nyanya akanijazia chupa mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa usiku kucha, akaandika jina langu juu kwa kalamu ya wino kana kwamba naenda bweni. Tulipita Maji ya Chumvi. Tulipita Taru, joto likicheza juu ya lami, nami nikajaribu kuhesabu terekeza ingekuwa wapi, tungelala wapi. Gari lilimaliza siku yao nzima ya kutembea kabla wimbo wa tatu haujaisha. Mtito tulisimama kutia mafuta. Kijana akaja dirishani na ndoo ya chupa. Nilimwambia nina maji. Akaniangalia, akachukua chupa moja, akaishika karibu na sikio langu na kuifungua polepole. Krak.

"Umesikia, boss? Hii ni original."

Nikanunua. Sasa ningefanyaje, na alikuwa ameshaifungua.

Makindu binamu alitaka tuingie kwenye hekalu la Masingasinga. Limekuwa hapo tangu 1926, lilianzishwa na Wahindi waliobaki na reli, na msafiri yeyote akiingia hulishwa bila kuulizwa dini, kabila wala pesa. Tulivua viatu, tukafunga vitambaa kichwani, tukaketi chini kwenye foleni moja na dereva wa lori la mafuta, familia ya Kisomali iliyokuwa ikienda Nairobi, na wazee wawili wa Kikamba waliokuwa wakiongea kuhusu mvua. Wakaleta dengu na chapati. Kisha akapita mtu na birika kubwa, akimiminia kila mtu kwa zamu, kuanzia yule aliyeketi mwisho kabisa karibu na mlango. Ilikuwa moto mno. Niliishika kwa ncha za vidole, nikaiweka chini, nikangoja ipoe.